Subira tatu za karne ya 16: Beham, Bruegel au Heemskerck?

Weka picha hizi tatu mezani kwa pamoja, na hutadhani zinamhusu mwanamke yuleyule. Wa kwanza ana mabawa na amempakata mwanakondoo. Wa pili amefungwa mnyororo kwenye jiwe huku majinamizi yamemzunguka. Wa tatu amepanda gari la ushindi, na nyuma yake anaburutwa mfungwa. Wote wanaitwa Patientia, yaani Subira, na wote walichongwa kwenye mabamba ya shaba, kisha wakachapwa kwenye karatasi, kati ya mwaka 1540 na 1559.

Anayetaka mmoja wao, awe wa kutundika, wa kufundishia au karatasi halisi ya kale ya kununua, kwa kawaida huchagua kwa kutazama simu. Hapo ndipo kosa linapoanza. Kwenye simu picha zote tatu zina ukubwa mmoja, ilhali moja inaenea kiganjani na nyingine haitoshi kwenye karatasi ya A3. Kwa hiyo swali la kwanza ni umbali: mtazamaji atasimama wapi? Uzuri wa picha unafuata baadaye.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu Subira mwenyewe. Hayumo kwenye zile fadhila saba zinazotajwa kanisani: imani, matumaini, mapendo, busara, haki, nguvu na kiasi. Wanateolojia, Tomaso wa Akwino akiwamo, walimweka chini ya nguvu, kama tawi la ushujaa. Ndiyo maana seti za fadhila saba, hata zile za Bruegel za 1559 na 1560, hazina Subira. Ukimtafuta ndani ya seti hizo hutampata. Yeye huuzwa na kuorodheshwa peke yake.

Beham, 1540: Subira wa kushika mkononi

Hans Sebald Beham alizaliwa Nuremberg mwaka 1500. Mwaka 1525 alifukuzwa mjini pamoja na mdogo wake Barthel na mwenzao Georg Pencz kwa sababu ya maneno yao kuhusu dini, na baadaye akahamia Frankfurt. Yumo katika kundi la wachongaji wa Kijerumani waliopewa jina la mafundi wadogo. Udogo huo ni wa mabamba yao, si wa ufundi. Patientia yake ina urefu wa takriban sm 10.6 na upana wa sm 7.1, na kwa Beham hilo ni bamba kubwa, maana nyingi za kazi zake zinakaribia ukubwa wa stempu.

Ndani ya nafasi hiyo amemkalisha mwanamke mwenye mabawa, mwanakondoo mapajani na shetani karibu. Hakuna vurugu. Kondoo katulia, mwanamke katulia, na mtu asipoangalia vizuri anaweza asimwone shetani mapema. Kazi yote imefanywa na vivuli: mistari midogo inayopishana, iliyosongamana hadi ngozi, manyoya na jiwe kila kimoja kikaonekana kwa namna yake. Ufundi huo wa kusongamanisha mistari ni wa shule ya Albrecht Dürer, mchoraji na mchongaji maarufu wa mji huohuo.

Mistari hiyo ndiyo faida na ndiyo hasara. Umbali wa kuitazama ni sm 25 hadi 30, yaani umbali wa kusoma kitabu. Ukiitundika sebuleni juu ya kochi, mgeni ataona doa la kijivu ndani ya fremu. Nyumba nyingi huikuza ili kuondoa tatizo hilo. Mara mbili inakubali, mara tatu bado inavumilika, lakini ukizidi hapo mistari inakuwa minene kama waya wa fensi, na ule ulaini uliokuvutia unapotea. Mahali pake ni mezani, kwenye rafu ya vitabu, au ukutani mwa ukumbi mwembamba ambako mtu hupita karibu.

Bruegel, 1557: Subira wa kutazamwa nusu saa

Hapa kuna watu watatu nyuma ya jina moja, na wauzaji huwachanganya. Pieter Bruegel alichora. Pieter van der Heyden alichonga. Hieronymus Cock wa Antwerp alichapisha na kuuza. Kwenye karatasi yenyewe kila mmoja ana alama yake: jina la Bruegel likifuatwa na ufupisho wa neno la Kilatini la “alibuni”, jina la Cock likifuatwa na ufupisho wa “alichapisha”, na herufi zilizounganishwa za Van der Heyden, ambaye kwa Kilatini alijiita Petrus a Merica. Ukiambiwa “imechongwa na Bruegel mwenyewe”, jua anayekwambia hajaisoma karatasi anayoiuza.

Ukubwa ni takriban sm 34 kwa 43.5, picha ikiwa imelala. Subira yuko mbele, amefungwa kwenye jiwe la pembe nne, ameshika msalaba, macho ameyainua juu. Kila kitu kingine ni ghasia: viumbe wa mchanganyiko kwa mtindo wa Hieronymus Bosch, mchoraji wa mazimwi aliyemtangulia, mti wenye uwazi tumboni, na jitu ambalo mwili wake ni yai lililopasuka. Chini kuna maneno ya Kilatini ya Lactantius, mwandishi Mkristo wa karne ya 4, kwamba subira ni kuyabeba kwa moyo uliotulia mabaya tunayofanyiwa na yale yanayotupata tu.

Sasa mtazame tena yule mwanamke kwa karibu. Van der Heyden hachongi kama Beham. Anaweka mstari wa nje ulio wazi, kisha mistari sambamba ya kivuli, bila kusongamana sana. Kwa hiyo majinamizi yanasomeka hata kwa mbali kidogo, kila moja na umbo lake, na jicho linahama kutoka moja kwenda jingine kama mtu anayesoma gazeti. Subira peke yake ndiye asiyetazama lolote kati ya hayo. Wewe mtazamaji unashughulishwa na mazimwi, yeye hashughuliki nayo. Ukilinganisha na Beham, ambaye amempunguza shetani hadi akawa jirani tu, Bruegel amefanya kinyume: vishawishi vimejaa karatasi nzima na fadhila imebanwa kwenye kipande kidogo.

Hasara? Picha hii haipumziki. Chumbani kwa mgonjwa au kwenye chumba cha sala inaweza kuwa kero, na watoto wengine itawatisha. Pia inadai nafasi ya kusogea: mtu aweze kusimama hatua mbili nyuma, kisha asogee hadi sm 40. Ukiitundika juu ya kabati, juu kuliko macho, umeipoteza robo tatu yake.

Heemskerck na Coornhert, 1559: Subira mwenye msafara

Hawa wawili ni watu wa Haarlem. Maarten van Heemskerck alikuwa ameishi Roma miaka ya 1530 na kurudi na kichwa kilichojaa magofu, matao na maandamano ya ushindi ya Warumi. Dirck Volckertszoon Coornhert alichonga, lakini hakuwa fundi tu. Aliandika sana kuhusu maadili na uhuru wa dhamiri, na mwaka 1567 aliwekwa gerezani The Hague. Kazi hii si karatasi moja bali nane. Ya kwanza ndiyo inayomwonyesha Subira mwenyewe. Saba zinazofuata ni za waliomwiga: Isaka, Yusufu, Daudi, Ayubu, Tobia, Stefano na Kristo.

Kwenye karatasi ya kwanza Subira ameketi juu ya gari linalovutwa na Matumaini na Shauku. Moyo uko juu ya fuawe, unapigwa nyundo wala haupasuki. Nyuma ya gari amefungwa Bahati, yule mwenye gurudumu, sasa akiwa mateka. Anayefahamu msemo wa subira kuvuta heri ataona kitu cha ajabu hapa: heri haikuvutwa na subira, bali subira mwenyewe ndiye anayevutwa, na wanaomvuta ni matumaini na shauku ya kufika.

Kwa kufundisha, seti hii inazishinda zile mbili kwa mbali. Sababu si uzuri. Kwa uzuri wa karatasi moja Bruegel anaongoza. Sababu ni kwamba hadithi zake zinajulikana tayari. Darasa la Mombasa au Kigoma lenye Waislamu na Wakristo halihitaji kuelezwa Ayubu, Yusufu na Daudi ni nani. Na karatasi ya Ayubu ina ucheshi ambao hauhitaji Kilatini: amepanda kobe.

Kila karatasi ni takriban sm 20 kwa 26. Mistari ya Coornhert imeachana kiasi, na maumbo ni makubwa, yenye misuli, kwa hiyo picha inastahimili kuchapwa kwa mashine ya kawaida na kutazamwa kutoka kwenye madawati ya mbele. Udhaifu wake ni kwamba karatasi ya kwanza ikitengwa na wenzake inabaki kama ukurasa wa mwanzo wa kitabu kilichochanwa. Gari linaelekea mahali, lakini huoni linakokwenda. Asiye na nafasi ya nane achukue angalau mbili, ya Subira na ya Ayubu, na azitundike jirani.

Ukitaka kuchapa mwenyewe kutoka kwenye faili

Makumbusho kadhaa, yakiwamo Rijksmuseum ya Amsterdam, Metropolitan ya New York na National Gallery of Art ya Washington, yanatoa bure faili kubwa za michongo ya kale isiyo na hakimiliki. Tafuta kwa jina la msanii na neno Patientia, si kwa tafsiri, na pakua ile kubwa kabisa, si ile inayoonekana kwenye ukurasa.

Hesabu ya nukta ni rahisi: sentimita gawa kwa 2.54 upate inchi, zidisha kwa 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Kwa Bruegel katika ukubwa wake halisi utahitaji takriban nukta 5,140 kwa 4,020. Kwa Heemskerck, takriban 3,070 kwa 2,360. Beham ni mdogo, lakini mistari yake ni myembamba mno, kwa hiyo usikubali 300. Tumia 600, ambayo ni takriban nukta 2,500 kwa 1,680. Ukitaka kumkuza mara mbili kwa kiwango hichohicho, nambari hizo nazo zinaongezeka mara mbili.

Karatasi: Bruegel hatoshi kwenye A3, kwa kuwa A3 ina sm 42 na picha ina 43.5. Vibanda vingi vya kuchapa vitampunguza kimyakimya ili aenee, na kupunguza huko ndiko kunakoleta mawimbi ya ajabu kwenye anga na kwenye vivuli: mistari ya mchongo inagongana na nukta za mashine. Agiza A2, na sema wazi kwamba ukubwa uwe asilimia 100. Heemskerck anaingia kwenye A4 lakini bila ukingo wa maana, kwa hiyo A3 ni bora. Beham mpe A5 au A4 na umwachie weupe mwingi pembeni.

Kosa la pili vibandani ni kusafisha. Fundi ataona karatasi ya zamani ina rangi ya chai, aipaushe hadi nyeupe pee na kuongeza weusi. Mistari miembamba inakatika, na ile minene inaungana ikawa madoa. Mwambie asiguse mwanga. Chapa kwa rangi, si kwa kijivu, ili ule umanjano wa karatasi ubaki, na utumie karatasi isiyong'aa ya gramu 160 hadi 200. Ya kung'aa huakisi taa, na kwa picha ya mistari hiyo ni hasara tupu.

Ukitaka karatasi halisi ya karne ya 16

Hapa uamuzi unageuka. Beham ndiye mlango wa kuingilia: mabamba ya mafundi wadogo yalichapwa sana, nakala zake zinajitokeza sokoni mara kwa mara, na kwa kawaida bei yake iko chini ya michongo yenye jina la Bruegel. Seti kamili ya Heemskerck ni kazi ya uvumilivu kuikusanya, ingawa karatasi moja moja hupatikana.

Shaba ni laini. Kijipatasi cha chuma kinachimba mfereji, wino unajazwa humo, uso wa bamba unafutwa kwa kitambaa, kisha karatasi yenye unyevu inabanwa juu yake kwa roli. Kila mzunguko unafuta na kukandamiza kidogo. Baada ya mamia kadhaa ya nakala, mifereji myembamba ndiyo inayotangulia kufa. Kwa Beham tazama vivuli vya mabawani na penye shetani: nakala nzuri ina weusi wenye kina, na nakala iliyochoka ina kijivu chenye mabaka meupe, kama kanga iliyofuliwa kupita kiasi. Bruegel huchakaa kwa namna nyingine; mistari ya nje inabaki lakini mistari sambamba ya kivuli inafifia, na majinamizi yanakuwa bapa. Nakala ya Bruegel iliyochoka bado inasomeka. Nakala ya Beham iliyochoka haina tena sababu ya kununuliwa.

Mambo ya kukagua kabla ya kutoa pesa:

– Kipimo kwa milimita, juu na chini, kushoto na kulia. Karatasi huchapwa ikiwa na unyevu na hujikunja inapokauka, kwa hiyo tofauti ya milimita moja au mbili ni ya kawaida. Tofauti kubwa kuliko hiyo, au uwiano usiolingana, ni dalili ya bamba jingine lililonakiliwa.

– Ukingo. Nakala za mafundi wadogo zimekatwa mara nyingi hadi kwenye alama ya bamba, yaani mkandamizo ulioachwa na kingo za bamba kwenye karatasi, au ndani yake. Kwa picha ya sm 7.1, kukatwa milimita mbili kila upande kunakula mstari wa mpaka, na wakati mwingine herufi za maandishi. Bei lazima ishuke.

– Saini ya Beham. Hadi karibu 1530 alitia herufi HSP, na kuanzia 1531, alipokuwa upande wa Frankfurt, akatia HSB. Kitu chenye mwaka 1540 na herufi HSP kirudishe.

– Mkunjo wa katikati kwa Bruegel. Karatasi kubwa zilihifadhiwa zikiwa zimekunjwa ndani ya vitabu. Mkunjo si aibu, lakini ugeuze nyuma uone kama umepasuka na kubandikwa, na kama kuna mistari iliyochorwa upya kwa kalamu mahali pa mpasuko. Wino wa kalamu haung'ai sawa na wino wa chapa.

– Karatasi dhidi ya mwanga. Karatasi ya enzi hizo inaonyesha mistari ya waya wa ungo: myembamba iliyosongamana, na mingine iliyoachana kwa kama sm 2 hadi 3. Karatasi laini isiyo na mistari ilianza Ulaya katikati ya karne ya 18, kwa hiyo nakala iliyo juu yake haiwezi kuwa ya wakati wa Beham wala Cock. Kinyume chake hakithibitishi kitu, maana karatasi ya mistari inatengenezwa hadi leo.

– Lenzi ya kukuza mara 10. Mstari wa kijipatasi huanza mwembamba, hunenepa, kisha huisha kwa ncha kali, na wino wake umeinuka kidogo juu ya karatasi. Nukta nukta za rangi ni uchapaji wa kisasa. Mistari yenye unene mmoja na ncha butu huenda ni nakala za karne ya 19 zilizotengenezwa kwa picha na asidi. Warsha ya Amand-Durand ya Paris, iliyonakili mabwana wengi wa zamani kwa njia hiyo, iligonga muhuri mwekundu nyuma. Kwa hiyo sehemu iliyokwanguliwa upande wa nyuma inastahili swali.

Kwa Bruegel angalia pia anwani ya mchapishaji. Cock alifariki mwaka 1570 na mjane wake Volcxken Diericx akaendeleza duka hadi mwisho wa karne. Mabamba yalipohama mikono, wachapishaji waliofuata walizoea kufuta jina la zamani na kuweka lao. Karatasi isiyo na jina la Cock si ya bandia kwa sababu hiyo tu, lakini si ya mwanzo, na isiuzwe kama ya mwanzo.

Walio London wanaweza kuomba miadi kwenye chumba cha michongo cha British Museum na kuzoesha macho kwa nakala nzuri kabla ya kununua mbovu. Saa moja humo ina faida kuliko picha elfu za mtandaoni.

Ukishaipata

Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, adui ni unyevu. Karatasi hutoa madoa ya kahawia, wino wa chapa haudhuriki sana. Usiiache igusane na kioo: weka kadibodi isiyo na asidi yenye dirisha, ili kuwe na nafasi ya milimita chache. Ishikilie kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, juu tu, si pande zote nne, kwa sababu karatasi hupumua na ikibanwa kote itajikunja katikati. Selotepu ni mwiko. Baada ya miaka michache gundi yake inapenya na kuacha utepe wa njano usiotoka. Usitundike kwenye ukuta wa nje unaopata mvua, wala mkabala na dirisha. Taa ya lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga) inatosha.

Kwa Bruegel taa hiyo ina kasoro: ni hafifu mno kwa mtu anayetaka kuhesabu majinamizi. Nakala halisi ibaki kwenye mwanga mdogo au ndani ya folda, na ukutani, penye mwanga, weka ile ya A2 uliyochapisha.